Kadi Kutoka Liège

Mzee Demba Mbow alikutwa kifudifudi kando ya fuawe lake, Alhamisi moja baada ya swala ya alasiri, fuvu limebonyea kwa nyuma na makaa ya tanuri yake yakiwa bado mekundu. Alikuwa sonara kwa miaka hamsini. Aliyemuua alitumia nyundo ya marehemu mwenyewe, kisha akaiosha kwenye beseni la maji ya kupozea fedha, akaitundika mahali pake ukutani kati ya nyundo nyingine sita, kama mgeni anayerudisha kikombe kwenye kabati la mwenyeji.

Inspekta Diégane Ngom aliitazama nyundo ile kwa muda mrefu kuliko alivyoitazama maiti. Mpini wake ulikuwa bado na unyevu.

"Muuaji mwenye adabu," alisema. "Hao ndio wanaonichefua zaidi."

Koplo Hamath Dia alikuwa amekwisha kufungua kisanduku cha mbao chini ya meza. Ndani mlikuwa na bangili tatu za dhahabu, vipuli vya bibi harusi fulani, na fedha ya kutosha kumlewesha mwizi yeyote.

"Hakuibiwa, Afande."

"Ameibiwa. Tazama ukutani."

Juu ya tanuri, ambako moshi wa miaka mingi ulikuwa umeupaka ukuta rangi ya kahawa, palikuwa na msumari mtupu, na chini yake mraba mdogo mweupe, ukubwa wa kiganja. Kitu fulani kilikuwa kikining'inia pale tangu zamani. Sasa hakikuwapo.

Kwenye mkeka, mbali kidogo na damu, palikuwa na kifurushi cha karatasi ya kaki kilichofunguka nusu. Ngom alichutama akakisogeza kwa ncha ya kalamu. Kokwa kumi za kola: tano nyeupe, tano nyekundu.

"Kola za posa," alisema Dia. "Mzee alikuwa anajiandaa kwenda kumposea mtu."

Ngom alichukua kokwa moja kwa kitambaa akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Ilikuwa imesinyaa.

Kizingitini alikaa Ousseynou, mwana wa pekee wa marehemu, kijana wa miaka ishirini na saba, kanzu yake imelowa damu kifuani kwa sababu alimwinua baba yake na kumpakata. Majirani walikuwa wamekwisha kueleza, bila kuulizwa, kwamba asubuhi ile baba na mwana walifokeana mpaka wapita njia wakasimama. Kwa Komisaa, aliyefika kwa gari akashusha kioo bila kushuka mwenyewe, hayo yalitosha.

"Mfungeni. Jumatatu apelekwe kwa mwendesha mashtaka," alisema. "Sitaki fujo mjini kabla ya Maadhimisho."

Mwaka huo, 1995, mji wa Saint-Louis ulikuwa umeshikwa na homa ya kujisifu. Ilikuwa imetimia miaka tisini tangu mafundi wa mji huo walipochukuliwa kwa meli kwenda Ubelgiji, kwenye maonyesho ya dunia ya Liège, na wakubwa wa mji walikuwa wameunda kamati ya kuadhimisha. Kulikuwa na bendera, hotuba na mwaliko wenye maandishi ya dhahabu. Hakukuwa na mhunzi hata mmoja ndani ya kamati, awe mfua chuma au mfua fedha; watu wa nyundo walihesabiwa chini ya waungwana. Wahunzi ndio waliokwenda Liège. Kukumbuka walikuwa wamewaachia waungwana.

Ngom alikuwa na mwaliko wake mfukoni. Aliutumia kuokotea jivu lililomwagika karibu na fuawe, akaufunga ndani ya bahasha ya vielelezo.

* * *

"Mlifokeana kwa nini?"

"Kwa ajili ya msichana."

"Nani?"

"Dieynaba Talla."

Koplo Dia aliinua macho kwenye daftari. "Talla yupi? Wa nguo?"

"Alhaji Baïla Talla," alisema Ousseynou. "Mwenyekiti wa kamati."

Dia alipiga mluzi. "Mwana wa mhunzi! Hukuona nyota nyingine angani?"

"Koplo," alisema Ngom, "andika, usiimbe." Akamgeukia kijana. "Baba yako alikataa?"

"Alikubali, Afande. Hilo ndilo lililonitia hofu. Alikuwa amekwisha kwenda kumposa bila kuniambia. Asubuhi ile ndipo nilipojua. Nikamwambia, Baba, wale watakufukuza kama mbuzi jikoni. Nyumba ile haijawahi kuoa wala kuolewa na watu wa nyundo. Akacheka. Akasema, 'Hawana pa kukatalia.'"

"Alikuwa na maana gani?"

"Sijui. Nilimpigia kelele aniambie. Akasema nitajua siku ya harusi." Kijana alifuta pua kwa mkono. "Neno langu la mwisho kwake lilikuwa 'mzee mkaidi'."

"Ukutani palitundikwa nini?"

"Kadi ya posta. Babu yake Baba aliituma kutoka Liège. Wahunzi wawili kwenye fuawe. Haina thamani, Afande. Nyuma kuna Kiarabu, mimi sikijui."

Ngom aliifunga kalamu yake. Kama kijana huyu alikuwa anasema kweli, zilibaki siku tatu kabla ya kupandishwa mbele ya mwendesha mashtaka kama mtu aliyemuua baba yake mzazi. Na mji ule, ukishamwita mtu jina la namna hiyo, haumwiti tena jingine.

* * *

Ijumaa asubuhi alikwenda sokoni na kifurushi chake. Mama Penda aliuza kola kwenye meza ileile tangu Wafaransa hawajaondoka.

"Mama, hizi zimetoka kwako?"

"Wewe hujatahiriwa mimi nauza kola, halafu unaniuliza kama nazijua?" Alizigeuza kwa kidole. "Ni zangu. Jumatano ya wiki iliyopita. Demba alizichagua moja moja kama anayekagua meno ya farasi. Mungu amrehemu. Nikazifunga kwa majani mabichi na kuyanyunyizia maji."

"Majani yako wapi?"

"Muulize aliyeyavua! Tazama zilivyokunjamana. Kola ni kitu hai, mwanangu. Demba angezinywesha kila asubuhi. Hizi zimewekwa mahali pakavu, penye feni, na mtu asiyezijali."

"Kwa hiyo hazikulala kwa Demba."

"Maskini hana feni," alisema Mama Penda, na kumgeukia mteja mwingine.

Ngom alikifunga tena kifurushi. Dia, aliyekuwa akitafuna kipande alichopewa bure, hakuwa bado ameelewa.

"Koplo, kola za posa zikipokewa, zinafanywa nini?"

"Zinagawiwa ndugu na majirani. Mtoto ametolewa."

"Zikikataliwa?"

"Zinarudi zote. Ukibakiza hata moja nyumbani kwako, umekubali." Dia aliacha kutafuna. "Lahaula. Afande, mzee hakuwa anajiandaa kuzipeleka."

"Zilikuwa zimerudi," alisema Ngom. "Na aliyezirudisha hakutuma mshenga."

* * *

Alhaji Baïla Talla alipokea watu katika sebule yenye makochi kumi na mawili. Juu ya makochi ilizunguka feni, na ukutani, ndani ya fremu nene kuliko mlango, mchoraji wa mabango ya maduka alikuwa amemchora mzee mwenye joho ameketi jukwaani kati ya Wazungu wenye kofia ndefu. Chini yake yaliandikwa maneno: MGENI WA HESHIMA, LIÈGE, 1905.

"Ngom!" alisema Talla kwa sauti kubwa. "Mserere wangu! Mtumwa wangu umekuja kufagia uwanja?"

Makabila ya Waserere na Watukulori ni watani. Asiyetukana ndiye anayeonekana hana adabu.

"Nimekuja kuhakikisha umekula, mtumwa wangu," alisema Ngom. "Nisije nikadaiwa maiti ya Mtukulori."

"Uji wenu wa uwele unatosha kuwaua ninyi wenyewe! Keti. Huyo unayemtazama ni babu yangu. Aliketi na wafalme kwenye maonyesho yale."

"Mzee Demba Mbow alikuletea kola?"

Kicheko cha Talla hakikukatika ghafla. Kilipungua taratibu, kama maji kwenye bomba linalofungwa.

"Kola? Kwa nani? Kwa punda wangu?"

"Kwa Dieynaba."

"Inspekta, utani una kiasi. Kola ya mhunzi haijavuka kizingiti hiki, na haitavuka. Tunawapa kazi watu wale, tunawapa sadaka siku ya Idi. Mabinti hatuwapi. Nimesikitika kwamba kijana amemuua baba yake. Lakini damu ya nyundo ni damu ya nyundo."

"Jana baada ya chakula cha mchana ulikuwa wapi?"

"Nimelala, kama kila mtu mwenye kitanda."

"Nani alikuona?"

"Muungwana haangaliwi akilala."

Ngom alisimama. Kando ya kochi lake palikuwa na kabati la redio lililofunikwa kitambaa cha kufumwa. Juu ya kitambaa, penye vumbi jepesi la jangwani lililojaa mji mzima wiki ile, palikuwa na duara safi, ukubwa wa sahani ndogo.

Alikuwa amejifunza shuleni, katika bweni ambako mtu aliadhibiwa kwa uongo mara mbili ya alivyoadhibiwa kwa kosa lenyewe, kutoonyesha dharau yake kabla ya wakati. Aliaga kwa heshima zote.

* * *

Alasiri ile Dieynaba alikuja kituoni amebeba bakuli la wali kwa samaki lililofungwa kwa kitambaa.

"Chakula cha Ousseynou," alimwambia Dia.

"Niandike wewe ni nani wake?"

"Andika utakalo. Kisipoe tu."

Ngom alimwita ofisini na kumpa kiti. Hakumzungusha.

"Binti yangu, kola zilikaa wapi nyumbani kwenu?"

Msichana aliutazama mlango, kisha akaketi vizuri zaidi.

"Juu ya kabati la redio, kwenye kisahani. Baba Demba alizileta mwenyewe. Baba yangu aliyatupa yale majani, akaziacha hapo siku nane. Hakuzigawa, hakuzirudisha. Mimi nilikuwa nafuta vumbi kila kitu isipokuwa pale."

"Na jana?"

"Baada ya kula alizifunga kwenye karatasi ya kaki ya dukani. Akavaa kofia, akatoka. Alirudi saa kumi, akaoga, akaingia jikoni kuchoma kitu kwenye jiko. Baba yangu hajui hata jikoni kwetu kuna milango mingapi."

"Unaelewa unamsema nani?"

"Naelewa. Njia nzima nimeyarudiarudia maneno haya, nisije nikaogopa katikati."

Alitia sahihi maelezo yake. Ngom aliona kwamba katika nyumba ile yenye makochi kumi na mawili hatimaye alikuwa amekutana na muungwana.

Lakini maelezo ya msichana anayempenda mtuhumiwa ni uzi mwembamba. Wakili wa Talla angeukata kwa meno. Kulikosekana sababu. Waungwana wa mji ule walirudisha kola za watu kila mwezi, wakala, wakalala. Kwa nini hizi zirudishwe kwa nyundo?

* * *

Jumamosi asubuhi walikwenda kwenye ofisi ya nyaraka, ambako Bi Marème Diaw alikuwa akipanga picha za maadhimisho. Alivaa glavu nyeupe na kuzungumza kwa kunong'ona, kana kwamba karatasi zilikuwa zimelala.

Picha zenyewe zilikuwa nyingi. Watu wa Saint-Louis, waliozaliwa na kukulia katika nyumba za ghorofa zenye roshani za mbao, walikuwa wamejengewa huko Liège vibanda vya udongo ndani ya ua, ili Wazungu waliolipa kiingilio wasichanganyikiwe. Mwanamke anatwanga. Mtoto anaoga. Wanaume wanaswali. Nyuma ya uzio, kofia kwa kofia, umati. Kwa Ngom hapakuwa na fumbo lolote katika picha zile: taifa lililojiona kilele cha ustaarabu lilikuwa limepanga foleni kumtazama mtu akila.

"Demba Mbow alileta kadi hapa?"

"Mwezi uliopita. Tulitoa nakala pande zote mbili, tukamrudishia." Bi Marème alifungua jalada. "Hii. Namba kumi na nne."

Vijana wawili kwenye fuawe moja, mmoja ameshika koleo, mwingine nyundo. Wanafanana kama vidole vya mkono mmoja. Chini palikuwa na maelezo ya mtaalamu: *Wahunzi wawili, majina hayajulikani. Nyuma: maandishi ya Kiarabu, hayasomeki.*

"Nani alisema hayasomeki?"

"Mtaalamu aliyetumwa kutoka Ulaya."

"Anasoma Kiarabu?"

"Hapana, Inspekta."

"Basi amesema kweli."

Ngom aligeuza nakala. Alikuwa amesoma chuo cha Kurani kabla ya bweni, na herufi alizijua. Alianza kusoma, akasimama. Herufi zilikuwa za Kiarabu, lakini maneno hayakuwa.

"Koplo, njoo. Hiki si Kiarabu. Nadhani ni lugha yenu."

"Mimi sijui herufi hizo, Afande."

"Na mimi sijui lugha hiyo. Nitasoma, wewe utasikia."

"Mserere amfundishe Mtukulori Kipulaar! Siku ya Kiyama iko karibu."

"Nyamaza usikilize, mtumwa wangu."

Hivyo ndivyo barua ya Liège ilivyosomwa baada ya miaka tisini: mmoja akitamka asichokielewa, mwingine akielewa asichoweza kukisoma. Dia alianza kwa tabasamu. Kufika mstari wa tatu tabasamu lilikuwa limekwisha.

"Anamwandikia mama yake," alisema. "'Mama, mimi Samba ni mzima, na Baïla mdogo wangu ni mzima. Wametufungia ndani ya ua. Tukifua fedha wanatutazama. Tukila wanatutazama. Tukiswali wanatutazama.' Endelea, Afande."

Ngom aliendelea.

"'Baïla anakuambia hatashika tena nyundo. Akishuka melini atanunua farasi, ataufuata mto hadi mbali ambako hajulikani, atajiita Talla. Anasema Talla ni muungwana, na muungwana hatazamwi.'"

Bi Marème alivua glavu zake.

"Ndugu," alisema Dia. "Baba mmoja, mama mmoja. Afande, yule mzee mwenye joho ukutani kwa Talla..."

"Ndiye huyu mwenye nyundo," alisema Ngom. "Hakuketi na mfalme yeyote. Alitazamwa na wauza samaki."

* * *

Saa sita mchana Talla aliketi kwenye chumba cha mahojiano, joho lake la buluu limejaa kiti kizima. Alikataa wakili. Alisema muungwana hasemewi.

"Alhaji, nakuonya kwamba utakayosema yataandikwa na yanaweza kutumika dhidi yako mahakamani."

"Andika, Mserere. Ndiyo kazi tuliyokuachia."

"Ulisema kola ya Demba haikuvuka kizingiti chako."

"Nasema tena."

"Karatasi iliyofungiwa kola ni ya duka lako. Ina alama za vidole. Mtaalamu amefika kutoka Dakar asubuhi hii, amezilinganisha na za glasi uliyonywea maji hapo nje. Kidole gumba na cha shahada. Ni vyako."

"Karatasi za duka langu zimejaa mji mzima. Nafunga nguo kwa mikono yangu."

"Binti yako ameziona juu ya kabati siku nane."

Talla alifumba macho kidogo. "Binti aliyerogwa. Halafu? Tuseme alizileta. Tuseme nilizirudisha. Kurudisha kola ni kosa la jinai siku hizi?"

"Si kosa. Lakini sasa umefika karakanani kwake, Alhamisi mchana."

"Nilifika, nikaziweka, nikaondoka. Nilimwacha mzima."

"Sawa." Ngom aliegemea kiti. "Ila aliyemuua, ukiniuliza mimi, ni mjinga."

"Kwa nini?"

"Alikuwa na akili ya kuosha nyundo. Akaitundika penyewe. Akachukua kadi ukutani. Halafu akaacha kifurushi cha kola mkekani, chenye karatasi ya duka na vidole vyake. Mtu mwenye akili timamu angezitia mfukoni akarudi nazo nyumbani, na mimi nisingekuwa na cha kuuliza."

"Arudi nazo nyumbani?" Talla aliinuka nusu. "Nizirudishe kola zake ndani ya nyumba yangu? Amekufa na kola zake ziko kwangu, si ndiyo kusema nimempokea? Si ndiyo kusema nimekubali?"

Kalamu ya Dia ilisimama.

Nje, farasi wa gari la kukodi alipita akigonga lami, na mlio wake ulisikika mpaka mwisho wa mtaa.

Talla aliketi. Ilimchukua muda kutambua alichokisema, na alipotambua hakuonekana kutishika, bali kuudhika, kama mtu aliyemwagikiwa mchuzi hadharani.

"Andika," alisema. "Nilimuua."

"Kwa nini?"

"Kwa hasira. Mhunzi alinivunjia heshima."

"Alikuvunjiaje?"

Talla alirekebisha mikono ya joho lake.

"Nitakusaidia," alisema Ngom, na kuweka nakala ya kadi mezani, upande wa nyuma ukiwa juu.

Talla hakuigusa. Midomo yake ilicheza. Yeye alizijua herufi na lugha pia.

"Niliichoma," alisema.

"Ulichoma moja. Wale watu walipiga chapa kadi hizo kwa maelfu, wakaziuza mlangoni pamoja na karanga. Babu yako yumo kwenye madroo ya nusu ya Ulaya, Alhaji, ameshika nyundo."

Ndipo yalipotoka. Alisimulia huku akitazama ukuta. Demba alipoleta kola alimwambia kuna maandishi, aje asome mwenyewe. Siku nane Talla hakulala. Kamati ingefungua maadhimisho Ijumaa ijayo. Jina lake lilikuwa kwenye mwaliko, na la babu yake mlangoni. Alhamisi alikwenda kurudisha kola na kununua kadi kwa bei yoyote.

"Akakataa kuuza?"

"Alicheka. Akaniambia, 'Siuzi, lakini sikutishi pia. Watoto wakioana nitaitia ndani ya kanzu ya harusi, tuisome sisi wa nyumbani tu.' Kisha akanisogezea kigoda." Sauti ya Talla ilianza kukwaruza. "Kigoda cha mhunzi. Akasema, 'Keti, ndugu yangu. Umechelewa miaka tisini, lakini umefika kwenu.' Alinikaribisha! Mtu wa masizi, mwenye kucha nyeusi, alinikaribisha mimi kwetu! Akanipa mgongo, akavuta mivukuto, kama mtu aliye na mdogo wake nyumbani."

"Ukampiga."

"Nikampiga."

"Mara ngapi?"

"Mpaka alipoacha kuniita ndugu."

Dia aliandika. Alikuwa Mtukulori, na muungwana wa ukoo unaojulikana. Masikio yake yalikuwa yanawaka moto kama ya mtu aliyekamatwa akiiba.

"Mtani wangu," alisema Talla, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa na makochi kumi na mawili. "Mtani hanyimwi ombi. Andika muuaji. Andika mkatili, andika nilikusudia. Nitakwenda jela nitulie. Lile jingine usiliandike. Binti yangu asije akaitwa wa nyundo."

"Binti yako alileta bakuli la wali kwa mwana wa nyundo, akapita nalo mbele ya mji mzima. Usimsingizie."

"Kwa ajili yangu, basi."

"Hati ya kukiri isiyo na sababu haimfungulii mtu mlango wa mahabusu. Mwendesha mashtaka atasema tajiri amemhurumia mkwe. Ousseynou yuko ndani kwa kosa lako. Atatoka kwa sababu yako." Ngom alimsogezea karatasi. "Utani nimeuacha sebuleni kwako. Soma, utie sahihi."

Talla alisoma. Kwenye neno *wahunzi* alisimama kwa muda ambao Dia aliweza kuchonga penseli na kuimaliza. Kisha akatia sahihi.

* * *

Ousseynou alitolewa saa tisa. Ngom alimweleza yote akiwa amesimama, kwa sababu hakutaka kumwambia jambo kama lile akiwa ameketi. Alimsomea barua ya Liège. Alimsomea maelezo ya Talla, pamoja na kigoda.

Kijana alisikiliza mpaka mwisho. Hakulia.

"Kwa hiyo yule ni ndugu yetu."

"Kwa damu, ndiyo."

"Na hilo litaandikwa?"

"Limeandikwa."

"Afande, naomba lifutwe."

Ngom alidhani hakusikia vizuri. "Unasemaje?"

"Sisi tumefua fedha katika mji huu kwa baba saba. Tumefungiwa uani, tumetazamwa kama nyani, tumeitwa kila jina. Hakuna Mbow aliyewahi kumwinulia mtu nyundo. Hakuna." Alikunja kanzu yenye damu, akaibana chini ya kwapa. "Huyu tukimwandika wetu, atakuwa wa kwanza. Mwacheni awe Talla. Waungwana wakae naye."

"Siwezi kufuta. Sheria haichagui ukoo."

"Basi ujue tu kwamba nimeomba."

Alikwenda kumzika baba yake. Dieynaba alikuwa akimsubiri getini na bakuli tupu.

Ngom alirudi mahabusu. Talla alikuwa amekaa wima kwenye benchi la saruji, joho limepangwa kwa uangalifu magotini, kidevu juu. Alikuwa amekwisha kuizoea hali yake. Hata pale alikuwa ametafuta kona iliyo juu zaidi ya nyingine.

"Ombi lako," alisema Ngom kupitia nondo, "limepata mwenzake. Kijana wa Mbow naye amesimama mbele yangu akaomba nilifute lile neno."

Talla aligeuka haraka. Kulikuwa na nuru fulani usoni mwake. "Amenihurumia?"

"Hapana. Anasema wahunzi hawakutaki."

Kidevu kilishuka polepole. Mtu aliyeua ili asiitwe mmoja wao alikaa akilitafuna neno hilo, akaligeuza huku na huku, akaona halimezeki. Kisha akavuta joho lake la buluu, akajifunika nalo uso, na ndani yake ikatoka sauti ambayo haikutoka wakati akisimulia kifo cha Demba.

Inspekta hakungoja amalize. Hakuwa amekula tangu asubuhi, na wali wa kituoni ulikuwa unapoa.